Nasaba, Mjumbe na Muhogo: Historia Fupi ya Istilahi za DNA na RNA

UTANGULIZI

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali hutuuliza mara kwa mara ni zile zinazohusu elimu ya urithi wa viumbe. Maswali yao huwa mafupi, lakini majibu yake hayawi mafupi. DNA iitweje kwa Kiswahili? Na RNA je? Neno vinasaba, ambalo sasa limeenea magazetini, mahakamani na hospitalini, ni jina la kitu gani hasa?

Katika makala hii tumekusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyopatikana, jinsi yalivyoingia katika Kiswahili, na mahali ambapo sisi wenyewe tuliteleza katika kuyafasili. Maelezo yetu yatategemea zao moja, nalo ni muhogo wa wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Hatukuuchagua muhogo kwa ajili ya kuipamba makala. Muhogo wa sehemu hizo hushambuliwa na magonjwa makubwa mawili: batobato na michirizi ya kahawia. Batobato huletwa na virusi vyenye DNA, na michirizi ya kahawia huletwa na virusi vyenye RNA. Kwa hiyo mkulima wa Kisarawe, hata kama hajapata kuyasikia majina hayo, anazo asidi zote mbili shambani mwake, na kila moja inamletea hasara kwa njia yake.

Kilichotusukuma kuandika ni swali moja. Tulipokuwa tukitayarisha rasimu ya faharasa kwa ajili ya kijitabu cha wakulima, tulitoa fasili mbili ambazo tuliziona kuwa ni nyepesi na zenye kueleweka. Tulisema kwamba DNA ni uzi pacha unaobeba nasaba ya kiumbe, na kwamba RNA ni uzi mmoja unaochukua ujumbe kutoka kwenye DNA. Bwana shamba mmoja wa Kisarawe aliyeisoma rasimu hiyo alituuliza: ikiwa virusi vya michirizi ya kahawia vina RNA tu wala havina DNA, ujumbe unaochukuliwa na RNA hiyo unatoka wapi? Hatukuwa na jibu ambalo lingeziacha fasili zetu zikiwa salama. Yafuatayo ndiyo jibu lake, ingawa limechelewa.

1. JINA LILILOTOKA KATIKA KIINI

Historia ya istilahi hizi ilianza katika mji wa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1869. Daktari kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, alikuwa akichunguza chembe za usaha alizozipata katika bendeji za wagonjwa. Kutoka katika viini vya chembe hizo alitenga kitu ambacho hakikuwa protini, na ambacho kilikuwa na fosforasi nyingi. Kwa kuwa kilitoka katika kiini, alikiita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiini. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1889, Richard Altmann alikipa jina la asidi ya nukleiki, kwa sababu tabia yake ilikuwa ya asidi.

Yafaa izingatiwe kwamba wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua kazi ya asidi hiyo. Jina lilitangulia, maarifa yakafuata. Katika mwaka 1909 Phoebus Levene, aliyekuwa akifanya kazi New York, aliitambua sukari iitwayo ribosi katika aina moja ya asidi hizo. Na katika mwaka 1929 aliitambua deoksiribosi katika aina nyingine. Tofauti ya sukari hizo mbili ni ndogo mno: ribosi ina atomu moja ya oksijeni ambayo deoksiribosi haina. Hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo iliyozaa majina kamili yanayotumika mpaka leo, yaani asidi deoksiribonukleiki, au DNA, na asidi ribonukleiki, au RNA.

Ilikuwa mwaka 1944 ndipo Oswald Avery na wenzake, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, walipoonyesha kwamba DNA ndiyo inayoweza kuhamisha sifa ya urithi kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase walilitilia nguvu jambo hilo kwa kutumia virusi vinavyoshambulia bakteria. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA, wakitegemea kwa kiasi kikubwa picha za mionzi zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin na Maurice Wilkins. Watson, Crick na Wilkins walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1962. Franklin alikuwa amekwisha kufariki dunia mwaka 1958.

Katika historia hiyo mwanaistilahi ana jambo la kujifunza. Asidi hizi mbili hazikuitwa kwa kazi zake, kwa kuwa kazi hizo hazikujulikana. Hazikuitwa kwa umbo lake pia, kwa kuwa umbo halikujulikana. Ziliitwa kwa vitu vilivyomo ndani yake. Kutojua huko kuliwafaa, maana tutaona kwamba kazi na umbo vyote viwili hubadilika, na sukari haibadiliki. Sehemu ya jina ambayo imepata matatizo ni ile iliyotaja mahali, yaani kiini. Bakteria hawana kiini, virusi pia havina kiini, lakini asidi hizo wanazo. Yeyote atakayependa kuunda istilahi kama asidi ya kiini na akumbuke kwamba atakuwa ameazima kosa pamoja na jina.

2. MUUNDO NA KAZI

Kila asidi kati ya hizi ni mnyororo mrefu uliofanywa kwa pingili nyingi ziitwazo nukleotidi. Kila nukleotidi ina sehemu tatu: sukari, fosfati na besi. Sukari na fosfati huungana na kufanya uti wa mnyororo, na besi hutokeza kando yake. Katika DNA besi ni nne, nazo ni adenini, guanini, sitosini na thimini. Katika RNA besi ni nne pia, ila mahali pa thimini huwapo urasili.

Mpangilio wa besi ndio habari yenyewe. Herufi za alfabeti hazina maana zikiwa moja moja, lakini hupata maana zikipangwa. Na besi ni vivyo hivyo. Adenini hukabiliana na thimini, au na urasili ikiwa ni RNA. Guanini hukabiliana na sitosini. Kwa ajili ya kukabiliana huko, mnyororo mmoja waweza kutumika kuutengenezea mwenzake. Katika seli za binadamu, za muhogo na za viumbe vingine vyote vyenye seli, DNA huwa ni minyororo miwili iliyosokotana kama kamba, na seli inapogawanyika kila mnyororo hutengenezewa mwenzi mpya. Hivyo ndivyo urithi unavyopita kutoka kizazi hadi kizazi.

Kazi ya pili ni kutengeneza protini. Hapa wanasayansi waliazima maneno kutoka katika kazi yetu sisi wafasiri. Hatua ya kwanza waliiita unukuzi: sehemu ya DNA hunukuliwa kuwa RNA. Hatua ya pili waliiita tafsiri: RNA hiyo husomwa na ribosomu, na protini hutengenezwa kufuatana nayo. Uazimaji huo ulikuwa mzuri. Mtu anayechukua maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu akayaandika kwa hati za Kirumi hajafasiri kitu. Amebadilisha hati, na lugha imebaki ile ile. Ndivyo ilivyo kutoka DNA kwenda RNA, ambako besi moja tu ndiyo inayobadilishwa. Lakini kutoka RNA kwenda protini lugha yenyewe hubadilika: kila besi tatu husimama mahali pa asidi amino moja. Mafungu ya besi tatu tatu yanayowezekana ni 64, na asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni 20. Kwa hiyo asidi amino nyingi zina mafungu zaidi ya moja, na mafungu matatu hutumika kuonyesha mwisho. Wafasiri wetu hawatashangaa kusikia kwamba visawe vimo hata katika seli.

RNA inayochukua nakala kutoka kwenye DNA na kuipeleka kwenye ribosomu ilithibitishwa mwaka 1961, ikaitwa RNA mjumbe. Ziko pia RNA za ribosomu na RNA zinazoleta asidi amino moja moja mahali pa kazi. Kwa kuwa RNA mjumbe ndiyo iliyopata umaarufu katika vitabu vya shule, walimu wengi walizoea kuieleza RNA yote kuwa ni mjumbe. Kosa la rasimu yetu lilianzia hapo.

3. MAGONJWA MAWILI YA MUHOGO

Batobato la muhogo liliandikwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1894, na Mjerumani aitwaye Warburg, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani ya mmea ulioshikwa huwa na mabaka ya kijani na ya manjano, hujikunja na kudumaa, na mizizi huwa midogo. Mkulima huuona ugonjwa huo kwa macho tangu mmea ukiwa mchanga.

Michirizi ya kahawia ni adui wa namna nyingine. Majani ya chini hupata rangi ya manjano kandokando ya mishipa yake, na shina changa hupata michirizi iliyoupa ugonjwa jina lake. Lakini mara nyingi mmea husimama vizuri na kuonekana wenye afya. Siku ya kuchimba ndipo mkulima anapokata mzizi akakuta ndani yake mna uozo mkavu wa rangi ya kahawia usiofaa kupikwa wala kukaushwa makopa. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Storey aliutambua kuwa ni wa virusi kwa kuwa ulihamia mmea mzima ulipopandikiziwa tawi la mmea mgonjwa. Yeye na mwenzake Nichols walichapisha mwaka 1938 uchunguzi wao juu ya batobato, na mwaka 1950 Nichols alieleza jinsi michirizi ya kahawia ilivyoenea katika nchi za chini za mwambao wa Afrika Mashariki. Kibaha na Kisarawe ziko katika ukanda huo.

Hebu tuitazame miaka hiyo. Mwaka 1936 magonjwa yote mawili yalikuwa yamekwisha kuitwa magonjwa ya virusi, na hakuna aliyejua kwamba moja ni la DNA na jingine ni la RNA. Mkulima, kwa upande wake, hakuyachanganya hata kidogo: lile la majani alilijua, na lile la mzizi alilijua. Lugha ya shambani ilikuwa imekwisha kutenga kile ambacho maabara ilikuwa bado haijakitenga.

Mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba jamii ya virusi ambamo virusi vya batobato vimo hubeba DNA yenye mnyororo mmoja, uliofungwa kama pete. Mwaka 1983 Stanley na Gay walichapisha mpangilio kamili wa besi za virusi vya batobato vilivyotoka Kenya. Virusi hivyo vilikuwa na pete mbili za DNA, kila moja ikiwa na nukleotidi zaidi kidogo ya 2,700. Na katika kila pete mna jeni zaidi ya moja. Kuhusu michirizi ya kahawia, ilibidi kungoja zaidi. Mwaka 2009 mtafiti Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa, pamoja na wenzake walichapisha mpangilio kamili wa virusi vyake: mnyororo mmoja wa RNA wenye nukleotidi zipatazo 9,000.

Sasa tuzirudie fasili zetu. Tulisema DNA ni uzi pacha. DNA ya batobato imo katika chembe ya virusi ikiwa na uzi mmoja. Tulisema DNA ndiyo inayobeba nasaba. Katika michirizi ya kahawia nasaba yote imebebwa na RNA, na DNA haimo. Tulisema RNA huchukua ujumbe wa DNA. RNA ya michirizi haikutumwa na DNA yoyote, bali huingia katika seli ya muhogo na kusomwa na ribosomu za muhogo moja kwa moja, kana kwamba ni RNA mjumbe ya muhogo wenyewe. Kwa hiyo RNA hiyo ni nasaba na ni mjumbe kwa wakati mmoja. Jambo hilo, kwa virusi vya mimea, halikuwa geni: mwaka 1956 Gierer na Schramm, katika mji ule ule wa Tübingen, na Fraenkel-Conrat huko Marekani, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba RNA peke yake yatosha kuambukiza tumbaku ugonjwa wa batobato. Sisi ndio tuliofasili kwa kutazama mwili wa binadamu peke yake, tukayasahau mashamba yanayotulisha.

4. KISWAHILI KILIVYOPATA NENO VINASABA

Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilipata chombo chake cha kwanza mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Baada ya uhuru, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka huo huo wa 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za Serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba shule za sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata hivyo kazi ya istilahi haikusimama, na mwaka 1990 Taasisi ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Matokeo ya hali hiyo ni kwamba DNA na RNA, ambazo hufundishwa sekondari, zilikaa muda mrefu bila darasa la Kiswahili. Istilahi isiyotumiwa na mwalimu huachiwa mwandishi wa habari. Mfano mzuri ni Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, na likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Tangu mwanzo lilikusudiwa kuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima katika eneo moja. Basi fikirini watu watatu wa mahali hapo: mwanafunzi alisoma habari za DNA kwa Kiingereza, akajibu mtihani kwa Kiingereza, mgonjwa na mkulima, kila mmoja alipoelezwa habari hizo hizo, alielezwa kwa neno lolote lililomjia msemaji.

Neno lililoshinda ni vinasaba. Asili yake ni nasaba, neno la siku nyingi la Kiarabu lililokwisha kuwa letu, lenye maana ya ukoo na asili ya mtu. Kiambishi ki-/vi- kimeongezwa ili kuonyesha vitu vidogo vingi. Kwa kawaida ya uundaji wa maneno, hatuna ugomvi nalo: ni fupi, linatamkika, na msikilizaji hulidhania maana hata kabla ya kuelezwa. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia matumizi ya DNA ya binadamu, chini ya usimamizi wa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na katika Kiswahili cha ofisi na cha magazeti kipimo cha DNA kikawa kipimo cha vinasaba. Wananchi wakalizoea neno hilo kwa habari za mashauri ya uzazi na utambuzi wa maiti.

Lakini neno hilo hilo limetumiwa pia kwa maana ya jeni, kama watu wanaposema mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Limetumiwa pia kwa maana ya habari zote za urithi za kiumbe. Neno moja sasa linasimama mahali pa vitu vitatu: asidi yenyewe, sehemu ya asidi hiyo yenye kazi maalum, na jumla ya urithi wote. Kwa RNA halina nafasi inayojulikana. Mara huihusisha, mara huiacha nje.

5. UZITO WA JAMBO HILI

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya wanaistilahi, na kwamba mkulima akiambiwa vinasaba yatosha. Sisi pia tuliwahi kufikiri hivyo. Tunaomba mifano mitatu ipimwe.

Mfano wa kwanza ni tafsiri. Mfasiri akiandika kwamba virusi vya batobato vina vinasaba viwili, msomaji hawezi kujua kama pana jeni mbili au pete mbili za DNA. Habari ya pili ni kweli na ya kwanza si kweli. Kosa hilo si la mfasiri. Ni la neno tulilompa.

Mfano wa pili ni kazi ya maabara. Ile atomu moja ya oksijeni iliyozidi katika ribosi huifanya RNA iwe dhaifu, nayo huvunjika upesi kuliko DNA. Jani linalochukuliwa ili kutafutwa batobato na jani linalochukuliwa ili kutafutwa michirizi ya kahawia hayastahili kudhaniwa kuwa yatavumilia utunzaji wa aina moja. Tena, njia ya kawaida ya kukuza na kutambua vipande vya DNA haiwezi kuisoma RNA mpaka kwanza RNA hiyo inukuliwe kuwa DNA, kwa kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore. Maelekezo yanayosema tu kwamba sampuli ya vinasaba ichukuliwe yamemnyima mchukuaji habari aliyoihitaji zaidi. Sampuli ikiharibika, virusi havionekani. Visipoonekana, vipando huhesabiwa kuwa ni safi. Na magonjwa haya mawili husafiri kwa vipando vya muhogo, licha ya kuenezwa na inzi weupe. Mkulima aliyepewa vipando hivyo ataijua hasara yake siku ya kuchimba.

Mfano wa tatu ni afya. Wakati wa ugonjwa wa korona zilitolewa, pamoja na chanjo za aina nyingine, chanjo zilizotengenezwa kwa RNA mjumbe. Katika nchi nyingi ulienea uvumi kwamba chanjo hizo hubadilisha urithi wa mtu. RNA ya chanjo hizo husomwa na ribosomu nje ya kiini cha seli, kisha huvunjika. Wala haimo katika DNA ya mtu. Lakini ni vigumu kumweleza hayo mtu ambaye lugha yake imempa neno moja tu, vinasaba, kwa asidi zote mbili. Mwelezaji akisema chanjo ina vinasaba, amekwisha kushindwa kabla ya kuanza.

Tuongeze kwamba tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililokuwa la magazeti laweza sasa kuamua shauri. Mtumishi wa Serikali anayeandika rasimu hana budi kujua kama anazungumzia asidi, jeni, au urithi wote.

6. MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wasomaji kabla ya kupelekwa mbele.

(a) DNA na RNA zibaki kama vifupisho katika maandishi ya Kiswahili, kwa kuwa zimekwisha kuzoeleka, na majina kamili yawe asidi deoksiribonukleiki na asidi ribonukleiki. Majina hayo ni marefu, lakini yanataja sukari, na sukari ndiyo tofauti isiyobadilika kati ya asidi hizi katika binadamu, katika muhogo na katika virusi.

(b) Fasili ya kamusi ianze na muundo wa kikemia. Umbo na kazi zitajwe baadaye, kwa maneno kama kwa kawaida au katika seli, ili batobato na michirizi ya kahawia zisiachwe nje.

(c) Jeni litumike kwa sehemu ya asidi yenye kazi maalum, na jinomu kwa jumla ya urithi wa kiumbe au wa virusi. Hivyo tutaweza kusema kwamba jinomu ya virusi vya batobato ina pete mbili za DNA, na jinomu ya virusi vya michirizi ya kahawia ni mnyororo mmoja wa RNA. Na hapatakuwa na utata.

(d) Mjumbe litumike katika RNA mjumbe peke yake, lisiwe jina la RNA zote.

(e) Vinasaba lisifutwe. Neno likikubaliwa na wananchi halifutwi kwa tangazo. Libaki kwa matumizi ya jumla, hasa katika habari za utambuzi wa watu na ukoo. Na katika sheria, kila rasimu inayolitumia ilifasili katika sehemu yake ya tafsiri ya maneno. Lisitumike katika maelekezo ya maabara, wala katika maelezo ya RNA.

HITIMISHO

Neno nasaba halikukosea njia lilipoingia katika elimu hii. Kituo cha Amani, katika miaka ya 1930 na iliyofuata, kiliuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake, ule mti uliowahi kupandwa kwa ajili ya utomvu wa mpira, ili kupata mihogo yenye kustahimili magonjwa. Baadhi ya uzao huo ulienea mashambani, ukasahauliwa ulikotoka. Wakulima wa kusini mwa Tanzania waliuita mmoja Namikonga. Wa pwani ya Kenya waliuita Kaleso. DNA iliposomwa ilionekana kwamba Namikonga na Kaleso ni muhogo mmoja. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vipande vya DNA ya mti wa mpira vimo bado katika mihogo iliyotokana na kazi ya Amani. Hapo neno nasaba liko mahali pake kabisa, kwa kuwa kinachozungumzwa ni ukoo.

Kwa bwana shamba aliyetuuliza, jibu letu ni kwamba ujumbe ule hautoki popote nje ya RNA yenyewe, na kwamba fasili yake ilikuwa mbovu, si swali lake. Tumeiondoa katika rasimu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wengine wanaofanya kazi na wakulima wa Kibaha, Kisarawe na kwingineko watuletee istilahi wanazozisikia na zile zinazowakwaza. Istilahi tunazoziunda ofisini hatuwezi kuzithibitisha mpaka zipitie mikononi mwao.